Nani Anapokea Kumi na Nne

Treni ya Tabora ingeondoka jioni, na Kalisti angekuwa ndani yake akiwa na pingu. Inspekta alikwisha kulisema jambo hilo alfajiri, mlango wa ofisi ukiwa wazi ili kila mtu asikie, kwa ile namna ya wakubwa wanaotaka kesi ionekane imekwisha kabla haijaanza.

"Muuaji tunaye, waya tunao, ugomvi wao umesikiwa na mji mzima," alisema. "Unataka nini zaidi, Sajini? Malaika ashuke atie sahihi?"

"Nataka siku moja, Afande."

"Unayo mpaka treni ipige honi. Na baiskeli ya kituo ina pancha. Utajijua."

Sajini Bonaventura alipiga saluti akatoka. Hakwenda kuziba pancha. Alikwenda mahabusu kwanza.

Kalisti alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa mtu wa Bangwe, baba yake Mkongo wa ng'ambo ya ziwa, mama yake Muha wa Kasulu, na mwili wake ulikuwa wa mtu aliyevuta nyavu tangu utotoni. Sasa mabega yale yalikuwa yamelegea kama tanga lililokosa kamba.

"Ulisema utamnyonga Mzee Kassimu," Bonaventura alianza bila kukaa.

"Nilisema. Nilisema mbele ya watu waliokuwa wanatoka kuswali Ijumaa, mke wangu ananivuta shati ninyamaze. Mtu akiuziwa kisima kikavu atasema maneno matamu, Sajini?"

Kisima chenyewe kilikuwa simu. Marehemu Mzee Kassimu wa Ujiji alikuwa nayo moja kati ya zile chache za mji, namba kumi na nne, katika chumba cha mbele cha nyumba yake karibu na soko. Wachuuzi wa dagaa na mawese hawakuwa na simu, na nani angewapa? Basi waliwapa ndugu na wateja wao wa Kasulu, Tabora na Urambo namba ya Kassimu. Simu ikilia, mzee alipokea kwa niaba ya mwenyewe, akaushika ujumbe kichwani, kisha akatundika nje kipande cha khanga. Kila mteja alikuwa na kipande chake, kilichokatwa kwenye khanga ya mke wake au mama yake. Ukipita barabarani ukaona chako kinapepea, unaingia unapewa neno lako, na mwisho wa mwezi unamlipa mzee. Watu waliiita Simu ya Salamu. Kassimu alipochoka masikio alimuuzia Kalisti kazi nzima: chumba, wateja, na kikapu cha vitambaa. Kalisti aliuza mtumbwi wake na injini yake ili ainunue.

"Kikavu tangu lini?" Bonaventura aliuliza.

"Wiki ya kwanza iliita vizuri, nikatundika vitambaa mpaka kamba ikalegea. Halafu ikanyamaza. Nikadhani imekufa. Nikazungusha mkono wake, yule dada wa mitambo akanijibu hapo hapo, 'Namba ngapi?' Kutoka inatoka, Sajini. Kuingia haiingii."

"Ukamwambia Kassimu?"

"Akaniambia mimi ndiye nimewakimbiza wateja, sijui kuongea na watu. Mimi! Nimeuza dagaa ufukweni tangu sijaota ndevu, sijui kuongea na watu!" Akapangusa uso kwa kiganja. "Sajini, mji mzima unanichukia. Wanasema nawauza kwa serikali. Hakuna hata mmoja atakayesimama kunisemea. Nina mke na watoto wako kwa shemeji yangu wanalala jikoni. Nikipanda treni hiyo ndiyo basi."

Bonaventura alitoka. Alichukua ufunguo wa chumba cha simu kwenye meza ya zamu, akapanda gari la mawe lililokuwa linashuka Ujiji.

*

Kile chumba kilikuwa na meza, kiti, simu nyeusi yenye mkono wa kuzungusha, na kikapu. Bonaventura alianza na waya. Waya wa simu ile ulikuwa umevikwa uzi wa kahawia, mnene kama kidole cha mtoto, nao ulikuwa mzima kutoka kwenye chombo mpaka ukutani. Nje, ule wa kwenye nguzo ulikuwa wa shaba, umebadilika rangi kwa mvua. Akatoa mfukoni kipande cha waya kilichotolewa shingoni mwa Kassimu, pale ufukweni alipokutwa. Kilikuwa cheupe, laini, cha kupinda kwa mkono.

Inspekta alikuwa ameandika "waya wa simu". Hakuwa amekwenda kuutazama wa simu. Mtu akishapewa nyota za begani, macho yanakuwa mzigo wa wenye mistari ya mkononi.

Kisha Bonaventura akakiinamia kikapu. Vipande vya khanga vilikuwa vimekunjwa vizuri, na juu yao vumbi la barabara lilikuwa limetanda sawasawa, bila alama ya kidole. Akakaa kitini akafikiri. Mji ulisema Kalisti alikuwa anapokea simu za wafanyabiashara na kuzipeleka serikalini. Lakini Ujiji nzima ilipita mbele ya chumba hiki kwenda sokoni, na kitambaa hakikutundikwa. Labda alipokea akaficha. Kama alipokea akaficha, basi alikuwa analala humu humu, maana simu hailii ukiwa na nafasi. Na kila mtu alijua Kalisti alishinda kwenye vijiwe vya Bangwe akiomba kazi ya kuvuta nyavu za wengine.

Akazungusha mkono wa simu.

"Namba ngapi?" Sauti ya mwanamke, karibu kabisa.

"Samahani, dada. Nimekosea."

Alifunga mlango, akatia ufunguo mfukoni, akazunguka uani.

Bi Zuhra, mjane wa Kassimu, alikuwa eda. Bonaventura alikaa kwenye mkeka ukumbini, mama yule akiwa nyuma ya pazia na harufu ya udi ikipita chini yake.

"Shikamoo, Bi Zuhra. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniuliza, au umekuja kuniambia kama wenzio kwamba mmekwisha kumaliza?"

"Nimekuja kuuliza. Marehemu alilala vipi zile siku za mwisho?"

"Kulala? Tangu yule kijana wa Bangwe amwite tapeli mbele ya msikiti, chakula hakikumpita kooni. Kassimu miaka yote amebeba maneno ya watu kichwani, maneno ya arusi, ya vifo, ya mali, hajapoteza hata moja. Leo aitwe tapeli! Akaniambia, 'Zuhra, huyu kijana halii bure. Kuna kitu.' Asubuhi yake akapanda Kigoma kwenda kuwauliza watu wa mitambo."

"Akarudi na nini?"

"Alirudi hasemi. Akaoga, akavaa kanzu yake ya Idi. Nikamuuliza, unakwenda harusini? Akasema, 'Nakwenda kwa meneja. Jina langu liko kwake.'"

"Meneja gani, mama?"

Pazia likatikisika kidogo. "Nijue mimi? Mameneja wamejaa. Kila ghala na meneja wake. Vitu ndiyo havipo."

Bonaventura akasimama. Bi Zuhra akamwita.

"Na huyo Kalisti. Jioni ile ile alikuja hapa na kuku mkononi, anataka kuomba radhi. Akamkosa mwenyewe. Kuku nikamrudishia nikamwambia aje kesho. Nimewaambia askari wenzio. Hakuna aliyeandika."

*

Regina, muuza mawese, alikuwa na sababu ya kumchukia Kassimu na Kalisti wote wawili, na hakuificha. Alikuwa mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuvuka soko, na alipomwona Sajini aliendelea kumimina mafuta kwenye chupa ya mteja kana kwamba amekuja nzi.

"Ukija kunipekua, pekua haraka. Mimi ulanguzi wangu umebaki huu hapa kwenye debe."

"Nasikia ulisema Kassimu anastahili waya ule."

"Nilisema na nitasema. Alituuza kwa yule msaliti wake. Sikiliza, Sajini. Kaka yangu wa Kasulu akipata mzigo anapiga simu: mafuta yanakuja na lori fulani, siku fulani. Siku hizi ujumbe haunifikii. Lakini lori likifika Kidahwe, kamba imevutwa barabarani, watu wanalisubiri kwa jina! 'Mafuta ya Regina yako wapi? Ulanguzi huu, shusha!' Wamejuaje, kama si aliyepokea simu?"

"Na mafuta yalikwenda wapi?"

Regina akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Niliyanunua tena mwenyewe. Wallahi. Nilipewa kwa mlango wa nyuma na mtu wa mtu wa mtu, nikayajua kwa harufu. Kaka yangu anakamulia kwenye kinu kimoja tu, mafuta yake yana moshi wake. Nimeyanunua mafuta yangu, Sajini, na nikasema ahsante."

Bonaventura alimtazama mikono. Ilikuwa na nguvu ya kutosha kukaza waya. Akamuuliza usiku wa kifo alikuwa wapi, na wanawake wa meza za jirani wakajibu kabla yake, wote kwa pamoja, kwamba alikuwa ngomani Gungu, na kwamba alicheza vibaya.

"Kaka yako," Bonaventura alisema, "aliongea na Kalisti mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na akakasirika. Aliniambia, 'Dada, huyo mtu wenu amekuwa mkubwa siku hizi. Nimemsalimu kwa Kiha, mwakeye, akakaa kimya kama mtoto aliyeulizwa sura asiyoijua. Nikamuuliza watoto, akasema sema shida yako.' Hebu fikiri. Simu ya mbali wanakupa dakika tatu, na sisi mbili zote ni za salamu. Mzigo tunautaja mwishoni, mbio mbio, dada wa mitambo akitukata. Ndivyo tulivyo. Sasa mtu asiyekuuliza hata mgonjwa wako amepona?"

"Regina, Kalisti mama yake ni nani?"

"Si yule bibi wa Kasulu, aliyekuwa anauza..."

Kata ya mafuta ikabaki inaning'inia juu ya chupa.

"Mtoto aliyenyonyeshwa kwa Kiha," Bonaventura alisema, "atashindwa kuitika mwakeye?"

"Basi alikuwa nani?"

"Ndiyo natafuta. Funga mdomo wako mpaka jioni."

"Mdomo wangu?" Regina alisema. "Huo ni mtihani, Sajini."

*

Chumba cha mitambo kilikuwa Kigoma mjini. Margareta, mwanamke mwembamba aliyekuwa zamu, alikuwa na vyombo vya masikioni kichwani na ubao wa matundu mbele yake. Kila namba ilikuwa na tundu lake. Mtu akipiga, kibati kidogo kinaanguka. Margareta anachomeka waya, anauliza namba, anachomeka ncha ya pili kwenye tundu linalotakiwa. Ulimwengu wote wa maneno ya Kigoma ulipita katikati ya mikono ile.

"Tundu la kumi na nne ni lipi?" Bonaventura aliuliza.

Margareta alilionyesha kwa macho. Lilikuwa limezibwa kwa kipande cha mti, kinachochomolewa pale tu kumi na nne yenyewe inapopiga.

"Simu ya Kasulu ikiomba kumi na nne, unachomeka wapi?"

"Sajini, nina mtoto mchanga."

"Nani alikuamuru?"

"Niliambiwa ni mambo ya usalama. Mtu mkubwa alikuja na mkubwa wangu, wakasema wale wa kumi na nne ni walanguzi, serikali inataka kuwasikiliza. Mimi ni nani niiulize serikali barua?" Machozi yalikuwa yameanza, lakini mikono iliendelea kuchomoa na kuchomeka. "Ukinitaja nimekwisha."

"Mzee Kassimu alikuja hapa?"

Mikono ikasimama. Kibati kikaanguka, hakuna aliyekijali.

"Alinisihi kwa jina la Mungu. Alikuwa mzee, amesimama hapo ulipo, kofia mkononi. Nikamwambia simu zinakwenda kwa nani. Akasema, 'Ahsante, binti yangu.' Kesho yake nikasikia. Mimi ndiye niliyemtuma kule, Sajini. Mimi."

"Hukumtuma. Ulimwambia kweli, akaenda kwa mwongo." Bonaventura akainama. "Mimi usinitajie jina. Sitaki uliseme, wasije wakakuuliza kama ulilisema. Fanya kitu kimoja tu. Baadaye kidogo, simu itatoka stesheni ya reli, mtu ataomba Ujiji kumi na nne. Wewe fanya kama ulivyoamriwa."

Margareta alipangusa macho kwa bega. "Hiyo," alisema, "haiwezi kunifukuzisha kazi."

*

Karani wa stesheni hakupenda kumwazima mtu simu ya reli, lakini aliogopa sare. Bonaventura alimtaka asimame karibu, chombo cha kusikilizia wakakiweka katikati ya masikio yao kama vijana wawili wanaosoma pamoja barua ya msichana.

"Ujiji kumi na nne," alisema, kwa sauti nzito ya mtu wa milimani.

"Subiri," ilisema sauti ya Margareta.

Mlio. Mlio mwingine. Ufunguo wa chumba cha Ujiji ulikuwa mfukoni mwa Bonaventura, na Kalisti alikuwa nyuma ya vyuma. Mlio wa tatu ukakatika katikati.

"Haloo!"

"Mwakeye," alisema Bonaventura.

Kimya. Na ndani ya kimya kile, nyuma ya pumzi za yule mtu, kukasikika nyundo. Hazikuwa za seremala. Zilikuwa nyundo ndogo ndogo, nyingi, juu ya bati, moja ikidakia nyingine.

"Nasema mwakeye, ndugu yangu. Wa nyumbani hawajambo? Yule mgonjwa amepata nafuu?"

"Wazima, wazima wote. Sema shida yako, muda unakwisha."

"Nani mwenzangu?"

"Kalisti hapa."

Karani aliachia mdomo wazi.

"Kalisti yupi?" Bonaventura aliuliza.

"Kalisti wa Simu ya Salamu, kwani wewe unamtaka yupi? Una mzigo? Unapita lini? Lori la nani?"

"La mjomba. Litapita Kidahwe kesho. Mwambie Regina."

"Nitamwambia," ilisema sauti ile, kwa upole sasa, na simu ikakatwa.

Bonaventura alimgeukia karani. "Umesikia?"

"Nimesikia," karani alinong'ona. "Kalisti si mko naye?"

"Tuko naye."

Mahali penye nyundo nyingi za bati na simu palikuwa mahali pamoja tu kuanzia Bangwe mpaka Ujiji: Shirika la Mafuta la Mwambao, lililopewa ghala kubwa nyuma ya bandari ili wananchi wapate mawese kwa bei ya halali. Bonaventura alikwenda kwa miguu. Uani, chini ya kivuli cha mabati, mafundi walikuwa wamejipanga wakikunja madebe na ndoo. Aliyekuwa mwisho wa mstari alikuwa anatia mikono ya kushikia. Alikata waya kwenye bonge, mweupe, laini, akaupinda kwa vidole, akapitisha kwenye matundu, akausokota. Bonaventura aliokota kipande chini, akakilaza kiganjani sambamba na kile cha mfukoni. Hata mama yao asingevitofautisha.

"Unatafuta ndoo, Sajini?"

Bwana Feliksi, meneja, alikuwa amesimama dirishani pa ofisi yake, suti ya kaunda imepigwa pasi, mkono mmoja juu ya simu. Alikuwa mgeni wa mkoa. Alikuwa ameletwa kwa ndege, na kwa masika mawili aliyokaa hakuwa amejifunza hata kuitikia watu wa huku. Sauti ilikuwa ile ile.

"Naangalia waya, Ndugu Meneja."

"Waya huo ni mali ya umma."

"Ndiyo maana nimekuja nao. Kuna mwingine ulipotea, tukauokota shingoni mwa mzee mmoja."

Nyundo zilikuwa zimenyamaza moja moja. Feliksi aliwatazama mafundi mpaka zikaanza tena. Kisha akamtazama Bonaventura, bila hasira, kama mtu anayesoma bei.

"Umesoma mpaka darasa la ngapi, Sajini?"

"La nne. La misheni."

"Basi huwezi kulaumiwa," alisema Feliksi, akainua simu.

*

Simu ina miguu mirefu kuliko binadamu. Bonaventura alipofika kituoni, Inspekta alikuwa amekwisha kuambiwa.

"Umekwenda kumtisha mtumishi wa shirika la umma mbele ya wafanyakazi wake."

"Nimekwenda kumsikia, Afande. Anajibu kwa jina la Kalisti, na hawezi kuitika mwakeye. Waya ni wa kwake. Marehemu alikwenda kumwona. Anasikiliza mizigo ya watu, anaikamata Kidahwe, anaiuza kwa mlango wa nyuma. Kassimu alijua. Karani wa stesheni amesikia kwa sikio lake."

Inspekta alizungusha simu akaomba stesheni. Aliongea kidogo, akamnyooshea Bonaventura chombo.

"Sajini," ilisema sauti ya karani, ya mbali, nyembamba, "mimi nina watoto sita. Sikusikia kitu."

"Na yule mwanamke wa mitambo?" Inspekta aliuliza alipokirudisha. "Amepewa likizo mchana huu. Amekwisha kuondoka kwenda kwao. Unabaki na nini? Kipande cha waya na mwakeye."

"Nabaki na mimi mwenyewe. Niandike kwenye faili, Afande. Maelezo yangu yaende na mtuhumiwa, hakimu ayaone."

Inspekta alikwenda kufunga mlango. Ndiyo mara ya kwanza siku ile alipoufunga. Aliporudi uso ulikuwa wa mtu mwingine, uliochoka.

"Bonaventura. Unajua nani alimleta Feliksi hapa? Hujui, na mimi sitaki kujua. Faili limefungwa kwa lakiri. Koplo wa Bangwe ndiye atamsindikiza mtu wako. Wewe kuanzia sasa uko zamu ya forodhani, unalinda mitumbwi. Hiyo ni amri."

"Afande, unajua hakufanya."

"Nimesema hiyo ni amri."

Kila mmoja katika kesi ile alikuwa ameamriwa na mwingine. Margareta na mkubwa wake, mkubwa na mkubwa mwenzake, Inspekta na sauti ya kwenye waya. Ukipanda ngazi hiyo mpaka juu hukuti mtu. Unakuta kiti na kitambaa cha mezani. Aliye chini kabisa ndiye peke yake mwenye jina, na jina hilo ndilo linaloandikwa kwenye hati ya mashitaka.

*

Jukwaa la stesheni lilijaa watu, vifurushi vya dagaa, mikungu ya ndizi, wanawake wanaoaga. Koplo wa Bangwe alikuwa amemsimamisha Kalisti kando ya behewa la daraja la tatu, pingu mikononi, watu wakiwa wamewaachia nafasi pande zote kama wenye ndui. Mama mmoja alitema mate karibu na miguu ya mshitakiwa. "Msaliti," alisema, bila hata kukaza sauti.

Kalisti alimwona Bonaventura akija, akajaribu kusoma uso wake.

"Umempata?"

"Nimempata."

"Basi mbona bado nina hizi?"

Kalisti akasogea, akasema chini chini, haraka.

"Sajini, huyu koplo ameniuliza kama najua kuogelea. Nikamwambia mimi mtu wa Bangwe, utaniulizaje hivyo? Akacheka. Akasema, 'Hata mto Malagarasi? Hata na pingu?' Treni inalipita daraja la mto ule saa za watu kulala. Kwa nini aniulize hivyo, Sajini? Mwambie mke wangu... Hapana, usimwambie kitu. Mwambie nilikula vizuri."

Koplo alikuwa anawasha sigara, amewapa mgongo. Juu ya ngazi ya stesheni alisimama Inspekta, mikono nyuma, na hatua moja nyuma yake ile suti ya kaunda, imekuja kuona mzigo wake unaondoka. Honi ikapiga. Watu wakaanza kusukumana milangoni.

"Koplo," alisema Bonaventura, "pingu hizi umezifunga vibaya. Zimelegea. Atakukimbia Uvinza."

"Wapi?" Koplo aligeuka.

Bonaventura alikuwa amekwisha kutoa za kwake kiunoni. Jicho moja la pingu alilibana kwenye kifundo cha mkono wa Kalisti, juu ya zile za kwanza. La pili akalibana kwenye mkono wake mwenyewe. Kisha akachukua ufunguo, akauinua kidogo ili ngazini wauone, akautupa chini ya behewa, kati ya reli na giza la magurudumu.

"Wewe, Sajini!" Inspekta alishuka ngazi mbili mbili. "Wazimu! Nani amekuruhusu? Fungua!"

"Ufunguo umeanguka, Afande."

"Shuka! Nakuamuru! Utapoteza mistari, utapoteza pensheni, utafungwa wewe badala yake!"

"Tabora kuna hakimu," Bonaventura alisema. Alikuwa amekwisha kuweka mguu kwenye kidaraja cha behewa, na Kalisti alivutwa nyuma yake atake asitake. "Akiniuliza kwa nini nimekuja nimefungwa na mshitakiwa, nitamweleza. Maelezo yangu ulikataa kuyaandika. Basi nimeyabeba hivi hivi."

Treni ilishtuka ikaanza kutambaa. Koplo alirukia behewa na sigara yake, akawatazama wale wawili, akatazama jukwaani amwone wa kumwambia afanye nini. Inspekta alikuwa anakimbia kando ya dirisha huku amepoteza kofia, na midomo yake ilisema kitu kilichomezwa na magurudumu. Feliksi hakukimbia. Alikuwa anarudi tayari kuelekea mlango wa ofisi ya stesheni, kwenye simu.

Bonaventura aliiona hali hiyo, akajua kwamba mbele yao kila stesheni ina simu, Kandaga na Uvinza na zote, na kwamba maneno yatafika kabla yao. Ndani ya behewa abiria walijisogeza wakawaachia benchi nzima.

"Sajini," Kalisti alisema. "Wewe unajua kuogelea?"

"Mimi mtu wa milimani. Hata kisimani naogopa." Akauvuta mnyororo taratibu, akamkalisha. "Kaa wewe dirishani. Mlangoni nitakaa mimi."